Uso umeenda wapi? Maswali yenu kuhusu Picasso, Boccioni na picha za watu waliovunjwa vipande

Nimetazama picha ya Kahnweiler aliyoichora Picasso. Nimeutafuta uso hadi macho yakauma. Huyu alikuwa anatutania?

Hakutania, ila umeanzia juu. Anza chini. Karibu na ukingo wa chini, katikati, kuna mikono miwili imefumbatana. Panda taratibu: mnyororo wa saa juu ya kizibao, kisha pua, kisha wimbi la nywele zilizochanwa vizuri. Daniel-Henry Kahnweiler alikuwa Mjerumani aliyeuza picha mjini Paris, na mwaka 1910 alikaa mbele ya Picasso mara nyingi ili achorwe. Baadaye Picasso alieleza kwamba picha ilikuwa inataka kumpotea kama moshi, ndipo akaongeza vidokezo hivyo ili mtazamaji apate pa kushika. Kwa hiyo usione haya kushikilia mnyororo wa saa, uliwekwa kwa ajili yako. Na ukiweza, iangalie kwa ukubwa. Turubai yenyewe, iliyoko Chicago, ina urefu wa kama mita moja. Kwenye simu inageuka vumbi la kahawia tu.

Labda hakujua kuchora sura ya kawaida?

Alijua tangu utotoni. Mwaka 1906 alikuwa akimchora Gertrude Stein, mwandishi Mmarekani aliyeishi Paris, ambaye kwa hesabu yake mwenyewe alikaa mara 80 au 90. Picasso akaufuta uso wote, akaenda zake Hispania, na aliporudi akauchora upya bila mama huyo kuwepo. Mtu asiyejua kuchora hathubutu kufanya hivyo.

Mwalimu wetu anasema Futurizimu ni Kyubizimu ya Waitalia. Ni kweli?

Mwalimu amepata nusu. Kyubizimu ni mtindo wa Picasso na mwenzake Braque wa kuvunja umbo vipande na kulionyesha kutoka pande nyingi kwa pamoja; Futurizimu ni ya Waitalia waliotaka kuchora mwendo na kasi. Wachoraji wake Boccioni, Carrà na Russolo walikwenda Paris mwaka 1911, wakaona kazi za Wakyubisti, wakarudi Milano na kuzichora upya baadhi ya picha zao. Deni lipo, tusilifiche.

Lakini shida iliyowasumbua haikuwa ileile. Kwa Picasso na Braque, anayechorwa ametulia kitini, na jicho la mchoraji ndilo linalomzunguka. Wafuturisti walikuwa wameshatangaza mwaka 1910 kwamba farasi anayekimbia hana miguu minne, ana ishirini. Mwaka 1912 mwenzao Balla akamchora msichana akikimbia kwenye roshani: viatu vinajirudiarudia kama picha zilizopigwa mfululizo, na kweli alikuwa amezichunguza picha alizopiga kwa kamera Mfaransa Marey za watu na wanyama wakitembea.

Mfano ninaoupenda mimi ni *Materia* ya Boccioni, ya 1912. Mama yake, Cecilia, amekaa kwenye roshani. Hakimbii popote. Mji ndio unaomvamia: nyumba zinapenya mwilini mwake, upande mmoja farasi, upande mwingine mtu anatembea. Na katikati kabisa, mikono mikubwa imefumbatana, kama ya Kahnweiler. Uso unaweza kupasuliwa upendavyo, lakini naona wachoraji wote wawili waliogopa kuigusa mikono.

Hizi sura si wameiba kwenye vinyago vya Afrika?

Mwaka 1907 Picasso aliingia makumbusho ya Trocadéro, Paris, akakutana na vinyago kutoka Afrika Magharibi na ya Kati. Nyuso mbili za kulia katika *Les Demoiselles d'Avignon*, picha yake ya wanawake watano ya mwaka huo, zinasema yaliyobaki. Alipoulizwa mwaka 1920 kuhusu sanaa ya Waafrika, akajibu kwamba haijui! Majina ya waliochonga hayakuandikwa popote pale makumbusho, na hilo linaniudhi kuliko jibu lake. Hata hivyo, kwa picha za watu za 1910, namwona zaidi Cézanne, mchoraji Mfaransa aliyemtangulia.

Waliishia wapi?

Vita iliwatawanya. Kahnweiler, kwa kuwa Mjerumani, alitaifishiwa mali yake Ufaransa mwaka 1914, na picha zake zikapigwa mnada kati ya 1921 na 1923. Boccioni aliingia jeshini, na mwaka 1916, karibu na Verona, akaangushwa na farasi mazoezini, akafa. Alikuwa na miaka 33.