Maswali yenu kuhusu spidi ya sauti

Nikiona mwanga wa radi nahesabu mpaka ngurumo, niliambiwa sekunde moja ni kilomita moja. Kweli?
Hapana bana, hiyo itakuponza. Hewa ikiwa nyuzi 20 sauti inaenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita moja inakula karibu sekunde 3. Umehesabu 9? Radi iko kilomita 3 tu, ingia ndani.

Kule juu hewa ni nyepesi ndo maana sauti inaenda polepole, si ndio?
Polepole ni kweli, ila sababu siyo hiyo, na hapa wengi wanachanganya. Hewa ikiwa nyepesi kwa kupanda juu, presha nayo imeshuka, hivyo viwili vinafutana, kinachobaki kuamua ni joto. Nyuzi 0 ni mita 331, halafu kila nyuzi moja ikiongezeka unajumlisha kama 0.6. Kilomita 11 juu kuna baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri, sauti imebaki mita 295 hivi, yaani rubani anaivuka kwa spidi ndogo kuliko angekuwa huku chini. Hata Newton, yule mwanafizikia wa Uingereza, alipokokotoa spidi ya sauti alichemka kwenye joto hilo hilo, hakuhesabu kwamba hewa ikibanwa na wimbi inapata moto kidogo, jibu lake likapungua, Laplace, mwanahisabati Mfaransa, ndo akaja kurekebisha karne ya 19.

Kwani nikipiga kelele sana haifiki haraka?
Wapi. Inafika na nguvu zaidi, muda ni ule ule.

Chuma ni kizito, mbona sauti inakimbia humo?
Uzito unachelewesha kweli, lakini chuma ni kigumu mno kubonyea, na ugumu unashinda. Maji ni kama mita 1480, chuma inapita 5000. Tafuta bomba refu la chuma lisilo na maji, tuseme mita 100, weka sikio upande mmoja mwenzio agonge upande wa pili mara moja tu, utasikia ko… ko. Ya kwanza imepita kwenye chuma, ya pili imekuja na hewa ikiwa imechelewa zaidi ya robo sekunde.

Mbona usiku nasikia vitu vya mbali, sauti inaongeza spidi?
Inapunguza, maana kumepoa. Ila usiku mtulivu hewa ya chini inapoa kuliko ya juu, basi sehemu ya juu ya wimbi inatangulia, wimbi zima linapinda kurudi chini mpaka masikioni kwako badala ya kupotelea angani.