"Ni vitamini tu" isiwatoke midomoni

Wadogo zangu mnaoanza zamu za leba na chumba cha sindano, nawapenda, lakini trei zenu zinaninyima usingizi. Wiki hii nimesikia tena: "Ni vitamini tu."

1. Vitamini K ya kichanga ni miligramu 1, msuli wa paja. Mwenye uzito chini ya gramu 1500, nusu yake. Haikai trei moja na dawa za mama. Hapa nitakawia. Kuna leba moja niliyofanyia kazi, usiku, mama wawili wamejifungua kwa kufuatana. Ampuli za egometrini, dawa ya mama ya kukaza kizazi, na za vitamini K zilikuwa pamoja, zote ndogo, zote kahawia. Mwenzangu alivuta dawa huku akimjibu ndugu wa mgonjwa mlangoni. Baadaye mtoto akageuka bluu, pumzi ikasuasua, degedege likafuata. Tulipookota ampuli tupu ndipo tukajua: alichomwa egometrini. Mwenzangu alimwita daktari yeye mwenyewe, akataja dawa na kipimo bila kuficha neno, na kwa sababu hiyo mtoto alianza kusaidiwa kupumua bila watu kubahatisha. Mtoto alipona. Muuguzi yule alikuwa hodari kuliko wengi wetu, ndiyo maana nagomba nikiona mmechanganya: uhodari hausomi lebo. Trei ya mama, trei ya mtoto. Soma kabla ya kuvunja, soma tena ukishavuta, mwonyeshe mwenzako.

2. Oksitosini, sindano ya mama ya kuzuia damu baada ya kujifungua, ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino; joto huiharibu. Friji, nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika usiku, inuka ukaangalie. Mama atakayejifungua alfajiri anazitegemea uniti 10 hizo asimwage damu.

3. Mlevi sugu, au aliyekaa siku nyingi bila kula: thiamini (vitamini B1) itangulie dekstrosi, sukari ya dripu, au ziende pamoja.

4. Mgonjwa wa kisukari aliyetumia metfomini miaka mingi akilalamika ganzi miguuni, ikumbukeni vitamini B12 kabla ya kuilaumu sukari peke yake.

5. Jirani atakuja na vichupa vya glutathioni "ya kung'arisha ngozi", umtundikie dripu nyumbani. Nayo ni peptidi, ya asidi amino tatu, na mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi. Kataa kwa upole. Akisisitiza, mwulize: mwili ukikataa dawa pale sebuleni, adrenalini na oksijeni viko wapi?