Ukigongwa na Matatu, Usisubiri Korti ya Trafiki

Ukiumizwa na uzembe wa dereva hapa Kenya, usingoje polisi wamalizane naye ndipo uanze kudai haki yako. Kesi ya trafiki ni ya serikali dhidi ya dereva. Akitozwa faini, hata shilingi moja haiji kwako. Fidia inatoka kwenye kesi ya madai, na hiyo huifungua wewe mwenyewe ndani ya miaka 3 tangu ajali. Kama ni gari la serikali, una mwaka 1 tu.

Haya niliyajua nikimsindikiza shemeji yangu, muuza samaki wa soko la Kibuye, Kisumu, aliyegongwa na matatu akivuka barabara pale Kondele. Wakili alituuliza maswali manne. Je, dereva alikuwa na wajibu wa kumchunga mtu kama yeye? Aliukiuka? Ukiukaji huo ndio uliomvunja mguu? Na amepata hasara gani?

Wajibu huo hauhitaji mkataba. Mwaka 1932 majaji wa Uingereza waliamua kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, ya mwanamke wa Scotland aliyedai kuugua kwa kinywaji kilichokuwa na konokono chupani. Kinywaji alinunuliwa na rafiki, na bado walisema mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji. Mahakama zetu hufuata msingi huo hadi leo.

Swali la nne ndilo linaloangusha watu wengi. Maumivu hakimu huyakadiria kwa kuangalia kesi za majeraha yanayofanana. Pesa zilizotoka mfukoni mwako hazikadiriwi; unazithibitisha moja moja kwa risiti. Risiti nyingi za duka la dawa huchapwa kwenye karatasi ile nyororo ambayo maandishi yake hufifia, na kesi ikifika unashika kikaratasi cheupe. Za shemeji zilikuwa kwenye mfuko wa unga chini ya kitanda cha wodi. Tulizitoa nakala zote, tukaandika nyuma ya kila moja ilikuwa ya nini. Teksi ya kwenda kliniki na magongo pia ni gharama, kwa hiyo dai risiti hata kama mwenye teksi ataiandika kwa mkono.

Chukua abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ajali, mapema, maana ina namba ya gari na ya bima. P3, fomu ya polisi ya kueleza majeraha, nayo ijazwe na daktari kabla kidonda hakijapona.

Mshtaki dereva pamoja na mwenye gari. Mwenye gari hubeba makosa ya dereva aliyemtuma kazi, na bima yake ya lazima hulipa hadi milioni 3 kwa mtu mmoja.

Hapa ndipo ninapoumia zaidi: watu wanaofika wodini na kalamu na fomu, mgonjwa akiwa bado na dripu mkononi. Ukitia sahihi kwamba umelipwa na huna dai tena, kuifungua kesi hiyo upya ni kazi ngumu mno. Waambie waiache fomu, wakili aisome.

Kama ulivuka ovyo, usikate tamaa. Hakimu akikuta asilimia 20 ya kosa ni yako, laki 5 zitakuwa laki 4. Na dai lisilozidi milioni 1 unaweza kulipeleka Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, nawe unaruhusiwa kujisemea bila wakili.