Re: Kifaa cha mkono cha kupachika praima, nichukue kipi?

Mkuu nimekusoma, unajaza upya risasi za bunduki saizi .223 na .308 hapo Texas, praima (kile kidude cha kitako cha ganda kinachowasha baruti) unapachika kwa presi, ile mashine ya mezani ya kujazia risasi, na mkono hausikii kitu. Cha mkono kitakusaidia sana maana unaisikia praima ikigusa chini ya tundu lake. Mi nilianza na cha kampuni ya Lee, bei poa ila ile ya zamani inataka shelholda (kishikio cha ganda) zake yenyewe, za presi haziingii, nikajikuta nanunua upya. Kwa saizi zako mbili ningechukua RCBS Universal, haitaki shelholda kabisa, unabadili pini ya kusukuma praima tu, ndogo kwa .223 na kubwa kwa .308. Kama vidole vinauma jaribu kwanza mpini dukani, praima 200 sio mchezo.

Praima ikae chini kidogo ya kitako cha ganda, kama inchi 0.003 hadi 0.005. Ikigoma USILAZIMISHE, maganda ya jeshi mara nyingi yamebanwa kwenye tundu la praima, lazima ulitanue kwanza. Miwani vaa muda wote, trei ya praima isielekee usoni. Na ukiona praima zinalegea kwenye tundu tupa hayo maganda, kama huna uhakika mwonyeshe fundi bunduki kabla hujaweka baruti.