Maswali ya Wasomaji: Mgebuka Ameiva Mkia, Tumboni Bado Barafu

SWALI: Mhariri, salaam. Nina maikrowevu ya wati 900 niliyoinunua hapa Kigoma mwezi uliopita. Juzi nilimtoa samaki aina ya mgebuka kwenye friza nikamweka kwa nguvu ya asilimia 100 kwa dakika sita. Mkia ukakauka kama ukuni, ilhali tumbo lilikuwa bado barafu. Niliposhusha hadi asilimia 30, mashine ikawa inanguruma, inanyamaza, kisha inanguruma tena. Je, nimeuziwa mbovu? Na chakula kipi kinataka kiwango gani?
Mama Wawili, Mwanga, Kigoma

JIBU: Mama Wawili, mashine yako ni nzima. Maikrowevu nyingi haziwezi kupunguza makali ya mawimbi yenyewe yanayopasha chakula, bali huyawasha na kuyazima, hivyo kwa asilimia 30 mawimbi hufanya kazi, tuseme, sekunde 9 katika kila sekunde 30, kisha hupumzika huku sahani ikiendelea kuzunguka. Zile za inveta, yaani zenye kifaa cha kurekebisha umeme, hupunguza nguvu kwelikweli, ila bei yake nayo haipungui.

Kilichomponza mgebuka wako ni barafu. Maji hunyonya mawimbi haya upesi, lakini yakiwa yameganda huyanyonya kwa shida sana. Mkia, kwa wembamba wake, ulitangulia kuyeyuka, na tangu hapo ukawa ndio unaonyakua nguvu karibu yote, tumbo likabaki lilivyo. Ule muda wa kunyamaza unaokutia shaka ndio unaolipatia joto nafasi ya kupenya polepole hadi ndani. Basi myeyushe kwa asilimia 30, umgeuze kila baada ya dakika mbili, umtoe angali na ubaridi katikati, umwache dakika kumi, kisha umpike papo hapo bila kumrudisha kwenye friza.

Asilimia 100 iachie chai, supu na mboga za majani. Kiporo cha wali au ugali hupendeza kwa asilimia 70, kikinyunyiziwa kijiko cha maji na kufunikwa bila kubanwa, mradi kifuke mvuke hadi katikati. Maharage yaliyoungwa kwa mawese yasizidi asilimia 50, kwani kwa nguvu yote punje hupasuka na mafuta yakaruka hadi juu ndani ya mashine. Nimewahi kuyasugua madoa yale ya rangi ya chungwa, na hayatoki kirahisi. Dagaa wa kukaanga warudishe kwenye kikaango, maana ndani ya maikrowevu hulegea.

Asali ya Tabora ikiganda, ihamishie kwenye bakuli la kioo, uweke asilimia 20 kwa sekunde 20 tu, ukoroge, urudie. Ingawa mimi huitumbukiza chupa yake kwenye maji ya vuguvugu na kuisahau hadi jioni. Yai lenye ganda lisiingie kwenye maikrowevu kwa kiwango chochote, kwa sababu hulipuka, na wakati mwingine hungoja hadi uwe umelishika mkononi.