Maumivu ya katikati ya mwezi

Wiki iliyopita binti mmoja wa kijiji cha Shela aliniandikia kwamba kila mwezi, hedhi imekwisha na nyingine bado haijakaribia, huchomwa chini ya kitovu upande mmoja hata kuinama kufagia akashindwa, na nyumbani huambiwa ni chango. Nayajua hayo tangu usichana wangu hapa Lamu. Muuguzi mmoja aliwahi kuniambia mbele ya foleni nzima kwamba nikiolewa yatakwisha. Nimeolewa, nimezaa, na bado huja.

Lililonifaa ni daftari. Niliandika siku ya kwanza ya kila hedhi, siku ya maumivu na upande wake, na baada ya miezi kadhaa ikadhihirika kwamba yalitangulia hedhi iliyofuata kwa takriban siku 14, mara kulia, mara kushoto, pamoja na ute mwepesi unaovutika kama ute wa yai bichi. Huo ndio wakati wa yai kupevuka: kifuko chake huvimba na kuutanua uso wa ovari, yaani kiungo kinachotoa mayai ya mwanamke, kisha hupasuka na kumwaga majimaji, pengine na damu kidogo, yanayousumbua utando wa ndani ya tumbo. Mara nyingi hudumu dakika chache au saa kadhaa, na kwa wengine hufika siku 2. Daftari hilo ndilo lililomnyamazisha daktari aliyekwisha kuniandikia dawa za minyoo, na kujisifu kwa hilo sioni haya.

Yanapoanza, hujaza chupa maji ya moto, nikaizungushia leso na kuilaza juu ya kinena, kisha nikanywa parasetamoli. Ibuprofeni nayo husaidia, ila inywewe baada ya kula, na mwenye vidonda vya tumbo au anayetafuta mimba amuulize daktari kwanza. Anayeteseka kila mwezi aulizie pia vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili, ambavyo huzuia yai kupevuka. Nanyi akina mama, msiwakataze binti zenu kwa kuogopa maneno ya watu, kwani anayelala amejikunja ni mwanao, si jirani.

Hata hivyo, maumivu makali yasiyotulia, homa, kutapika, kuzimia, au hedhi iliyochelewa si mambo ya chupa ya maji moto: huenda ni kidole tumbo, ovari iliyojinyonga au mimba iliyotunga nje ya kizazi. Aliye kisiwani Kiwayu asingoje boti ya asubuhi. Jamaa zake wamkodie nyingine usiku huo huo.