Kahawa ya kukaangwa juzi juzi kweli inalipa? Uzoefu wangu hapa Mwanza

Mkuu umeuliza kama buni ya kukaangwa kwa oda, robo kilo 16,000, ina tofauti yoyote na kahawa ya pakiti ya 9,000 au watu wanalipia jina tu. Mi nipo Kirumba, nakunywa kahawa kila asubuhi mwaka wa sita huu na hela yangu imeshapita njia zote hizo, ngoja nikujibu kwa urefu maana hii kitu naipenda kweli.

Inalipa. Ila hakikisha hela yako inanunua tarehe ya kukaangwa, mengine yote yanafuata baadaye.

Mara ya kwanza nilinunua kwenye duka moja mjini, pakiti nyeusi inang'aa, imeandikwa premiamu, buni nzima, 18,000. Nimefika home nimesaga, nikamwagia maji ya moto, unga ukalala pale chini kimya kama mchanga wa ziwani, hakuna povu wala harufu, na kwenye ulimi ni kama natafuna boksi. Kugeuza pakiti naona tarehe ya mwisho wa matumizi tu, siku iliyokaangwa haijaandikwa popote. Iliniuma sana, kwa sababu nilikaa miezi naamini kahawa ya bei ni uongo.

Kinachotokea ni hivi, buni ikikaangwa ndani inabaki na gesi ya kaboni dayoksaidi, ndo maana pakiti za maana zina kale kavalvu kadogo ka kutolea hewa, na hiyo gesi ndo inapandisha povu ukimwagia maji. Siku zinavyoenda gesi inatoka, oksijeni inaingia, harufu inapotea na mafuta ya kahawa yanaanza kuchacha. Buni nzima ukiifunga vizuri unakula raha wiki tatu nne hivi, lakini ukishasaga inaharibika haraka mno, siku chache tu ushaipoteza. Sa ile ya pakiti imesagwa kiwandani, imekaa stoo, imepanda lori, imekaa shelfu, unategemea nini hapo?

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja anauza kahawa chungu jioni, birika juu ya kajiko ka mkaa, kikombe 200 na kashata pembeni. Kila nikinywa yake nasikia kahawa kuliko ya kwangu ya 18,000. Siku nikamuuliza, mzee wangu kahawa yako unatoa wapi, akaniambia anakaanga mwenyewe kila baada ya siku mbili na anatwanga asubuhi ya siku anayouza. Hakuna siri nyingine. Ni kahawa aina ya robusta ya Bukoba, ya kawaida kabisa, ila haijapata muda wa kuzeeka.

Baada ya hapo mama mkwe alivyokuja kutoka Muleba akatuletea kilo mbili za buni mbichi, akanifundisha. Unaweka chungu au kikaango kizito kwenye mkaa wa wastani, buni kiasi, unakoroga na mwiko bila kuacha hata sekunde, yani simu ikiita usipokee. Mwanzo inanuka kama nyasi zilizolowa, kisha inakuwa njano, harufu ya mkate, halafu ghafla inaanza kupasuka pa pa kama bisi na makapi yanaruka juu. Ikishatulia mpasuko wa kwanza, ngoja kidogo rangi ikolee, epua haraka mwaga kwenye ungo, pepeta nje mpaka ipoe, kwa sababu ukiiacha kwenye chungu inaendelea kuungua yenyewe. Usiinywe siku hiyo hiyo, ipe siku mbili tatu itoe gesi. Na ujue kilo mbichi haitoki kilo, maji yanakauka, unapoteza kama gramu 150 mpaka 200.

Sa turudi kwenye hela. Kikombe kikubwa natumia gramu 15, robo kilo inatoa vikombe 16, kwa hiyo ya 16,000 ni buku kwa kikombe, ya 9,000 ni kama 560. Tofauti haifiki jero. Kwa mtu anayekunywa kavu kimoja kwa siku mi naona ni hela halali kabisa. Ila kama unaweka maziwa nusu kikombe, tangawizi na vijiko vitatu vya sukari, usijisumbue na ile aina nyingine, arabika ya Mbinga au Tarime, ule uchachu wake mtamu hutausikia, chukua robusta ya Kagera, ni nzito, chungu, na kafeini yake ni karibu mara mbili, inasimama hata kwenye maziwa.

Umesema huna mashine ya kusagia. Basi nunua hiyo kwanza, ile ya kuzungusha kwa mkono inatosha, au twanga kwenye kinu kidogo cha viungo, kwa sababu ukimwambia muuzaji akusagie robo kilo nzima ile tofauti unayoilipia unaiacha dukani kwake. Friji sahau, ukiwa unatoa unarudisha inapata unyevu na harufu ya sato, weka kwenye kopo linalofunga, kabatini gizani. Na zile video za nje zinazosema usubiri maji yapoe baada ya kuchemka, huku kwetu tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, yakitokota we mwaga tu.

Kabla hujatuma hela muulize muuzaji swali moja, imekaangwa lini. Akikutajia siku, chukua robo. Akianza kukuelezea pakiti, achana naye, nenda kwa mzee wa birika.